Mpwapwa, Kituo cha Maji Matamu



Kila mmoja wetu amewahi kuulizwa, kazini au ndani ya basi, "Mpwapwa ndiyo wapi huko?" Tukijibu kwamba ni Dodoma, muulizaji huridhika na mazungumzo huishia hapo. Tumezoea kujibu hivyo, kana kwamba mji wetu hauna la kusimuliwa. Kamati iliponiomba niandike historia fupi ya mji kwa ajili ya kijitabu cha mwaka huu, niliamua nisiwachoshe kwa orodha ya wakuu wa wilaya na miaka yao. Nitaeleza jambo moja tu: ilikuwaje mji uliojulikana na kila mpagazi kati ya Bagamoyo na Ujiji ukaja kupitwa pembeni na kila njia kubwa iliyojengwa baadaye, na ni kitu gani kilichobaki nao wakati wote huo. Kitu hicho ni maji, na ndicho tunachokichangia safari hii.

Anayetaka kuelewa Mpwapwa asianze na mji. Aanze na Chunyo, kisha aangalie upande wa magharibi. Leo mtu hupita huko kwa gari bila kufikiri. Enzi za misafara, hapo ndipo moyo wa mpagazi ulipoanza kudunda. Kutoka Chunyo kwenda mbele kulikuwa na nyika ya karibu kilomita 50 isiyo na maji ya uhakika, na wasafiri waliiita Marenga Mkali. Kila Mgogo anajua malenga ni nini, hivyo jina halihitaji tafsiri: maji makali, maji yenye chumvi na uchungu. Burton na Speke waliikatiza nyika hiyo mwaka 1857. Misafara ya Wanyamwezi na ya wafanyabiashara wa pwani ilikuwa ikiikatiza kabla yao, na iliendelea kuikatiza kwa miaka mingi baada yao. Desturi ilikuwa kuondoka mchana, kutembea hadi usiku, kulala kidogo, kisha kuamka alfajiri na kuendelea, vibuyu vikiwa vimejazwa pomoni. Aliyechelewa nyuma hakuwa na wa kumsubiri.

Ng'ambo ya nyika hiyo kulikuwa na watemi wa Ugogo waliodai hongo. Wasafiri wa Kizungu wamewalalamikia sana katika vitabu vyao, wakiwaita wanyang'anyi. Mimi naona kuna haki iliyosahaulika katika malalamiko hayo. Katika nchi kame, kisima ni jasho la mtu aliyekichimba, tena hukifukua upya kila kiangazi. Msafara wa watu mia tano ukikinywa kisima kwa siku mbili, wenyeji na ng'ombe wao wanabaki na tope. Hongo ilikuwa bei ya maji na chakula, na aliyeona ni ghali alikuwa na hiari ya kupita njia nyingine.

Kwetu hali ilikuwa tofauti. Mpwapwa, ambayo Wagogo huiita Mhamvwa, imekaa chini ya milima, na vijito vilishuka kutoka huko vikiwa na maji matamu. Ndiyo maana misafara iliyotoka pwani ilipumzika hapa, ikanunua nafaka, asali, maziwa na kuku, ikajaza vibuyu, ndipo ikaikabili Marenga Mkali. Na misafara iliyotoka bara, iliyokwisha kuonja uchungu wa Chunyo, ilipofika Mpwapwa ilikuwa kama imefika nyumbani. Sioni kwamba mji huu ulianzishwa na mtu au serikali fulani. Watu walikuwa wakisimama hapa kwa sababu ya kiu, na mahali watu wanaposimama, soko hufuata.

Stanley alifika Mei 1871 akiwa safarini kumtafuta Livingstone. Aliusifia sana wingi wa vyakula vya Mpwapwa, hasa maziwa, baada ya majuma ya shida njiani. Alilalamikia pia wale wadudu wadogo wenye koleo mkiani, walioingia hemani mwake na kujaa kila mahali. (Anayelala Mpwapwa wakati wa mvua atakubali kwamba katika hilo Stanley hakutia chumvi.) Alikuwa na Waingereza wawili, na mmoja wao, baharia Mskoti aitwaye William Farquhar, alikuwa amevimba miguu kiasi cha kushindwa kutembea. Stanley akamwacha hapa chini ya uangalizi wa mkuu wa kijiji ambaye kitabuni anamwita Leukole, pamoja na mtumishi mmoja na vitu vya kununulia chakula. Farquhar alifariki muda mfupi baadaye. Mwaka uliofuata Stanley alipita tena akirudi pwani, akatafuta mabaki yake asiyaone, akawaamuru watu wake wakusanye mawe na kujenga rundo liwe ukumbusho. Wageni waliofia mikononi mwa watu wetu, mbali na ndugu zao, ni wengi kuliko tunavyodhani, na walio wengi kati yao hawakuwa Wazungu. Walikuwa wapagazi, ambao hakuna aliyewaandika wala kuwajengea rundo la mawe.

Mwaka 1876 ulileta wazo jipya. Roger Price wa shirika la misheni la London alitoka Saadani hadi Mpwapwa na maksai wanne, akataka kujua kama mikokoteni inaweza kuchukua nafasi ya vichwa vya wapagazi. Maksai wakafika salama, naye akaandika kwao kwamba njia ni nzuri. Mwaka uliofuata, Alexander Mackay wa misheni ya Kianglikana, yule ambaye baadaye alijulikana sana Buganda, alisimamia kukata njia kutoka Saadani hadi hapa kwetu, zaidi ya kilomita 300 za kufyeka vichaka na kusawazisha makorongo. Ilikuwa miongoni mwa barabara za kwanza za magurudumu katika bara hili la kwetu, na mwisho wake ulikuwa Mpwapwa. Kisha mikokoteni ikaja kwa wingi, na ng'ombe wakaanza kufa mmoja mmoja njiani kwa kuumwa na mbung'o. Mpango mzima ukaanguka. Mizigo ikarudi vichwani.

Wamisionari lakini walibaki. Kuanzia 1878 kituo cha Waanglikana kilisimama Mpwapwa kwa uhakika, kikiwa na daktari Edward Baxter na mwenzake Joseph Last, na baadaye kikafunguliwa kingine Kisokwe. Mwaka 1879 Joseph Mullens, katibu wa lile shirika la London, mzee aliyezoea kuongoza kazi akiwa mezani kwake Uingereza, aliamua kuja mwenyewe kuona kwa nini safari za wenzake zinakwama. Hakufika mbali. Alifariki Julai 10 mahali paitwapo Chakombe, akaletwa kuzikwa Mpwapwa. Mbegu ya Kanisa iliyopandwa miaka ile ndiyo iliyozaa, mwaka 1991, Dayosisi ya Mpwapwa.

Mwaka 1889 vita vya pwani vilitufikia. Abushiri bin Salim, baada ya kushindwa na Wajerumani Bagamoyo, aliingia bara na kukishambulia kituo cha kampuni ya Kijerumani kilichokuwa hapa. Ofisa mmoja, Nielsen, aliuawa, mwenzake Giese akatoroka usiku, na misheni ikachomwa moto. Miezi michache baadaye Wissmann akaja na askari wake akajenga ngome, na tarehe 10 Novemba 1889 Stanley akatokea tena, safari hii akiwa na Emin Pasha na mamia ya watu kutoka upande wa maziwa makuu, akakuta bendera ya Kijerumani inapepea. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 15 mwaka huohuo. Vitabu vinasimulia mengi juu ya siku zile. Hapa yatosha kusema kwamba pande zote mbili zilipigania Mpwapwa kwa sababu ileile iliyowasimamisha wapagazi: aliyeshika maji haya alishika mlango wa bara.

Sasa tuje kwenye reli, maana ndipo mambo yalipogeuka.

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Fundi wa reli hatafuti maji matamu kama mpagazi. Anatafuta mteremko mdogo, kwa sababu treni haipandi mlima. Kutoka Kilosa, mahandasi walifuata bonde la mto Mkondoa na Kinyasungwe, wakapitisha reli Kidete, Godegode, Gulwe na Msagali, wakaikwepa milima yetu. Mpwapwa ikaachwa kando, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka stesheni ya Gulwe. Hapakuwa na njama wala chuki. Lakini biashara yote iliyokuwa ikisimama kwetu ikapita Gulwe kwa mvuke bila kushuka, na Dodoma, ambayo misafara haikuwa ikiihesabu, ikapata stesheni, ikakua na kuwa mji mkubwa. Nyika ya Marenga Mkali, iliyokuwa ikiwatoa watu jasho kwa usiku mzima, ikawa mwendo wa kusinzia dirishani.

Hata hivyo, kuachwa kando si sawa na kuachwa bila kitu, na hapa ndipo wengi wetu hatujui historia yetu. Baada ya vita ya 1914 hadi 1918, na baada ya njaa kuu ambayo Wagogo wanaikumbuka kwa jina la Mtunya, Waingereza walihitaji mahali pa kuweka makao ya idara ya mifugo. Palitakiwa pawe penye malisho, penye maji ya mwaka mzima, pasiwe na mbung'o, tena pawe mbali kidogo na pilikapilika. Wakachagua Mpwapwa. Kwa miaka mingi barua zote za idara ya mifugo ya Tanganyika nzima, kutoka Bukoba hadi Songea, zilikuwa zikielekezwa Mpwapwa. Maabara yetu ilipambana na magonjwa ya ng'ombe, sotoka likiwamo. Shule ya serikali na mafunzo ya ualimu yakafuata, na ndiyo maana hadi leo ukikutana na mwalimu mstaafu mkoa wowote, usishangae akikwambia "mimi nilisoma Mpwapwa," kisha akaanza kukuuliza habari za milima na baridi ya Juni.

Kuanzia miaka ya 1930, wataalamu wa kituo hicho walianza kazi ya uvumilivu ya kupandisha ng'ombe wetu wa Kigogo na damu ya Sahiwal na Sindhi wekundu kutoka upande wa India, na Boran, na kidogo damu ya Ulaya, wakachagua kizazi baada ya kizazi. Walitaka ng'ombe anayevumilia kiangazi chetu na bado akatoa maziwa ya kutosha nyumba. Aliyepatikana anaitwa ng'ombe wa Mpwapwa, na anaandikwa kwa jina hilo katika vitabu vya ufugaji duniani. Miji mingapi ya Tanzania, mikubwa kuliko wetu mara kumi, imewapa ng'ombe jina? Kituo kipo hadi leo, chini ya Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania.

Lipo jaribio moja la kituo hicho ambalo ningependa kila mchangiaji alijue. Mwaka 1933 mtaalamu aitwaye R. R. Staples alitenga viwanja vidogo kwenye mteremko usio mkali, hapahapa Mpwapwa. Kimoja akakiacha ardhi tupu bila jani. Kingine kikalimwa nafaka. Kingine kikaachwa nyasi, na kingine kichaka kisichoguswa na mifugo. Chini ya kila kiwanja akakinga maji na udongo unaoshuka mvua ikinyesha, akapima kwa misimu kadhaa. Kwenye ardhi tupu, nusu ya mvua yote iliyonyesha ilitiririka na kupotea, na ikaondoka na udongo wa zaidi ya tani 140 kwa hekta kwa mwaka. Kwenye shamba la nafaka, robo ya mvua ilikimbia. Kwenye nyasi haikufika sehemu 2 kwa 100. Kwenye kichaka haikufika hata sehemu 1, na udongo haukuondoka.

Jaribio hili ni miongoni mwa ya kwanza ya aina yake Afrika, na wanafunzi wa kilimo wanalisoma hadi leo katika nchi nyingine. Sisi tuliozaliwa karibu na viwanja vile hatukufundishwa. Tafsiri yake kwa lugha ya nyumbani ni rahisi: mvua ya Mpwapwa ni ileile, kidogo na ya miezi michache. Mlima ukiwa na nyasi na miti, mvua inazama ardhini na kutoka polepole kwenye chemchemi hadi Oktoba. Mlima ukiwa mtupu, mvua inashuka yote siku moja na kwenda zake na udongo, na Oktoba tunapanga foleni na madumu.

Mwaka 1947 jirani zetu wa Kongwa, wakati huo Kongwa ikiwa bado ndani ya wilaya yetu, walionja aina nyingine ya maendeleo. Serikali ya Uingereza ilikuja na mpango wa karanga, ikataka kulima ekari milioni 3 katika nchi hizi ili watu wake wapate mafuta ya kula baada ya vita. Yakaja matrekta, yakaja mabuldoza, na vifaru vilivyogeuzwa matrekta. Reli ya tawi ikajengwa kutoka Msagali hadi Kongwa. Waliopanga hawakupima mvua kwa miaka ya kutosha, wala hawakuuliza kwa nini wenyeji wanalima pale walipolima na kuacha pengine. Mibuyu ikavunja mashine. Udongo ukikauka ulikuwa mgumu kama saruji, karanga zikabaki ndani. Mwaka 1951 mpango ukafungwa, hasara ikiwa takribani pauni milioni 36, na baada ya miaka michache hata reli ya tawi iking'olewa. Wakati wote huo mama zetu walikuwa wakilima karanga kwa jembe la mkono, shamba dogo, kila mtu akijua kipande chake, na karanga za Mpwapwa ziliuzwa na zinauzwa hadi sasa. Sisemi jembe la mkono ni bora kuliko trekta. Nasema waliokuja na fedha hawakuuliza maji yako wapi.

Kongwa nayo ilipata heshima yake baadaye, ilipowapokea wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC, SWAPO na wengine tangu miaka ya 1960. Hiyo ni hadithi yao, na wanastahili kuiandika wenyewe.

Barabara kuu ya lami ya Morogoro hadi Dodoma nayo ikapita kaskazini, kwa Gairo, Kibaigwa na Mbande. Ikatupita kama reli ilivyotupita. Kibaigwa, ambayo haikuwemo katika habari za misafara, ikawa soko kubwa la mahindi, nasi tukabaki na vumbi la kuelekea Mbande kwa miongo mingi. Na sasa reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, imefuata tena upande wa Gulwe. Kwa hiyo tumepitwa mara tatu. Wapo wenzetu wanaolisema hili kwa uchungu, na siwalaumu, maana mgonjwa aliyewahi kubebwa kwenye barabara mbovu usiku hahitaji kusomewa historia.

Lakini angalieni kilichohifadhika kwa sababu ya kupitwa. Mgeni anayekuja Mpwapwa kwa mara ya kwanza huona vitu ambavyo sisi hatuvioni tena. Huona kwamba mji una milima karibu kila upande na kwamba jioni milima hiyo hubadilika rangi. Huona miti mikubwa ya kivuli iliyopandwa zamani, ambayo mahali pengine ingekatwa kupisha fremu za maduka. Huona watu wanasalimiana kwa ukamilifu, mbukwenyi na majibu yake yote, hata kama mmoja ameshika baiskeli yenye mzigo. Huona wanachuo wa ualimu na wa mifugo wakitembea kwa makundi jioni bila haraka, na sokoni vitunguu vya Lumuma vimepangwa mafungu karibu na mlenda mkavu, ufuta na karanga. Usiku hapana kelele ya malori. Mtu akikohoa mtaa wa pili unamjua. Haya si mambo ya kuandikwa kwenye mpango wa miaka mitano, na hakuna mfadhili atakayetoa fedha kwa ajili yake, lakini ndiyo yanayotufanya turudi Desemba hata tukiwa na nyumba Dar es Salaam.

Utulivu huo haujawekewa ulinzi wowote. Mwaka 1973 ilipoamuliwa makao makuu yahamie Dodoma, kwetu haikubadilika kitu kwa miaka mingi. Tangu 2016 serikali ilipohamia kweli, mambo yamekwenda kasi. Dodoma inahitaji mkaa, kuni, mbao, mchanga na viwanja, nasi ni majirani. Mkaa unashuka milimani kwa pikipiki. Miteremko iliyokuwa kichaka utotoni mwetu sasa inalimwa hadi karibu na kilele, bila matuta. Anayelima hafanyi hivyo kwa ubaya. Ana watoto, na shamba la chini limechoka. Lakini hesabu ya Staples haijabadilika tangu 1933: ardhi tupu, nusu ya mvua inakimbia.

Inakimbilia wapi? Inakimbilia Gulwe. Makorongo ya upande wetu yanamwaga mchanga kwenye Kinyasungwe, mto unajaa tope, unahama njia yake na kula tuta la reli. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliharibu reli vibaya kati ya Kilosa na Gulwe, na haikuwa mara ya kwanza wala ya mwisho. Kuna kitu cha kutafakarisha hapo. Reli ilitukwepa kwa sababu ya milima yetu, na udongo wa milima hiyohiyo ndio unaoifuata huko bondeni. Ndiyo kusema hata mtu wa Dar es Salaam ambaye hajui Mpwapwa iko wapi anahusika na nyasi za Kiboriani.

Katika mikutano yetu kumekuwa na mapendekezo mengi kuhusu matumizi ya michango. Lipo la kujenga lango kubwa la kukaribisha wageni, lenye jina la mji na taa. Lipo la ukumbi. Yote yana wapenzi wake, nami nimeyasikiliza. Maoni yangu ni kwamba lango linaweza kusubiri. Mji ulijulikana kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika bila lango, kwa kuwa mtu alijua akifika atakunywa. Vyanzo vya maji vikikauka, lango litawakaribisha wageni kwenye Marenga Mkali nyingine.

Kazi inayopendekezwa ni ya kawaida kabisa. Ni kuzungushia chemchemi zilizobaki uzio wa miti hai ili mifugo inyweshwe chini kwenye birika, siyo kwenye jicho la maji. Ni kuwasaidia wanaolima kwenye miteremko wapate mbegu za majani ya malisho na vifaa vya kupimia kontua, ili matuta yapandwe nyasi ambazo ng'ombe watakula. Hakuna atakayefukuzwa kwenye shamba lake. Wenye mashamba walikuwepo kwenye kikao na ndio waliosema majani ya malisho yatawafaa kuliko miti peke yake. Tunao wataalamu wa mifugo na malisho mjini kwetu tangu wakati wa babu zetu, na itakuwa ajabu tukienda kutafuta ushauri mbali. Vitalu vya miche vitasimamiwa na shule, kila shule na korongo lake.

Kazi ya pili haina gharama kubwa lakini haina muda. Wazee wanaoweza kutaja kwa jina kila kijito kilichokuwa kikitiririka, na mwaka kilipokauka, wamebaki wachache. Tunahitaji vijana wenye simu nzuri wakae nao, warekodi, na waende nao wakaonyeshwe mahali penyewe, kwa sababu jicho la maji lililofukiwa haliwezi kufukuliwa na asiyejua lilipokuwa. Hapo hapo waulizwe majina ya ng'ombe, ya vilima, na ya waliozikwa pasipo alama.

Miche inatakiwa iwe tayari kabla ya mvua za Desemba, maana ikipandwa Februari kiangazi kitaiua. Wanaokuja nyumbani sikukuu wamepangiwa siku ya kupanda, na ratiba kwa kila mtaa imebandikwa kwenye ofisi za kata. Mwenye jembe aje nalo. Asiyeweza kufika, fomu ya mchango imebanwa katikati ya kijitabu hiki, na nafasi ya kuandika jina la korongo au chemchemi ya kwao ameachiwa upande wa kulia.